Jawabu Linalorudi: Bao, Mwani na Namna Mashine Inavyojifunza

Tunapotaka kumsifu mtu kwa kazi yake tunataja miaka. Fundi wa miaka ishirini, mkulima wa tangu mwani uingie, mchezaji bao wa tangu enzi za wazee. Miaka ni rahisi kuhesabu, lakini haisemi mtu amejifunza nini. Kwenye baraza za Mji Mkongwe, Jaws Corner ikiwemo, wapo wanaocheza bao umri mzima na wanafungwa na vijana walioanza juzi. Pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wapo wakulima hodari, wenye miaka sawasawa majini, wanaopingana kabisa juu ya kinachoua mwani wao. Hawa si wavivu wala si wajinga. Kinachowatofautisha ni jawabu linalowarudia baada ya kila kitendo: linarudi lini, liko wazi kiasi gani, na linaangukia kitendo kipi.

Watu wanaotengeneza mashine zinazojifunza walibanwa na suala hili tangu mwanzo, kwa sababu mashine haijirekebishi mpaka iandikiwe waziwazi nini kihesabiwe kosa na kosa hilo lipelekwe wapi. Kwa hiyo kazi yao inatusaidia kuuona uzoefu wetu wenyewe ulivyo.

Tuanze na bao, kwani ni darasa lenye majibu mengi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la mstari wa mbele, na mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 anazo mkononi. Katika hatua ya kunamua anaingiza kete moja kila zamu. Shimo aliloingizia likikabiliana na shimo la mpinzani lenye kete, anakula, anazipanda zile alizokula kuanzia kichwani, yaani shimo la mwishoni mwa mstari wa mbele, na kete ya mwisho ikianguka mahali pa kula tena, anaendelea. Zamu moja yaweza kuuzunguka ubao na kuugeuza wote. Kula ni lazima panapokuwa na pa kula. Hiari iliyobaki ni ya kuchagua ule wapi na, mara nyingi, upandie kichwa kipi, na ustadi karibu wote umo katika hiari hiyo ndogo.

Wanafunzi hukosea palepale. Kosa la kwanza ni kula panapotoa kete nyingi. Wingi wa kete hauamui mchezo; anayeshinda ni yule anayeumaliza mstari wa mbele wa mwenziwe au kumwacha hana pa kucheza, na kete zilizolundikana mbele ni chakula cha zamu ijayo ya mpinzani. Kosa la pili linahusu nyumba. Maadamu ina kete sita au zaidi, nyumba ina haki yake: unapokuwa katika kula na kete ya mwisho ikaangukia humo, wewe ndiye unayechagua kusimama au kuendelea. Mgeni huivunja mapema, yaani huzitoa kete zake na kuzipanda, kwa sababu zamu ile inapendeza macho, kete zinatapakaa ubao mzima na watu wanapiga kelele. Anafungwa zamu nyingi baadaye na hauoni uhusiano.

Tuseme nyumba imevunjwa zamu ya 8 na mchezo umekwisha zamu ya 25. Katikati mna zamu 16, nyingine nzuri na nyingine mbaya. Ipi ilaumiwe? Marvin Minsky wa Marekani alilitaja tatizo hili mwaka 1961, la namna ya kuzigawia hatua nyingi sifa au lawama ya matokeo mamoja, na mpaka leo ndilo kiini cha fani nzima ya mashine zinazojifunza kwa kutenda.

Baraza ina dawa yake, nayo ni watazamaji. Mtu akivunja nyumba bila sababu anaambiwa hapohapo, kabla mpinzani hajagusa kete. Lawama inafika kwenye kitendo kilichoistahiki, ingali moto. Baraza ya watu wawili wanaocheza kimya, wakikusanya kete na kuanza upya mara mchezo unapokwisha, haina dawa hiyo, hata wakicheza mara kumi kwa siku. Wanachopata ni habari moja tu kwa mchezo mzima, nimeshinda au nimeshindwa. Kwa mwanafunzi anayetaka kupanda haraka, njia bora ni kuuliza hali ilikuwaje pale mchezo ulipoanza kupinda, kuupanga tena ubao kama ulivyokuwa, na kuucheza kutoka hapo kwa chaguo jingine. Hali moja iliyorudiwa kwa chaguo mbili inafundisha kuliko michezo mitano mipya.

Uzoefu ukiingia vizuri, macho yenyewe hubadilika. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde 5 kisha wakawataka waupange upya. Fundi alikumbuka vitu vingi kuliko mwanafunzi, ilimradi ubao ulitoka katika mchezo wa kweli. Vitu vilipopangwa ovyo, ubora wa fundi ulikaribia kutoweka. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alikuwa amekusanya maelfu ya maumbo yenye maana. Ndiyo sababu uzoefu wa fundi hauhami kirahisi. Aliyebobea katika bao haamki asubuhi akawa hodari wa dhumna.

Mwaka uleule wa 1961, Uingereza, Donald Michie alitengeneza mashine ya kujifunza isiyo na umeme wala waya. Alichukua visanduku 304 vya kibiriti, kila kimoja kikiwa hali moja ya mchezo wa kuandika msalaba na duara katika vyumba tisa. Ndani ya kila kisanduku alitia shanga za rangi, kila rangi ikiwa chumba kimojawapo cha kuchezea. Zamu ya mashine ikifika, unachukua kisanduku cha hali ile, unakitikisa, unatoa shanga moja bila kuchagua, unacheza rangi iliyotoka. Mashine ikishinda, kila kisanduku kilichotumika kinaongezewa shanga tatu za rangi iliyochezwa. Wakitoka sare, inaongezwa moja. Ikishindwa, shanga iliyotolewa hairudishwi. Baada ya michezo mingi, rangi mbaya zinapungua na nzuri zinajaa.

Skuli yoyote ya Unguja au Pemba yaweza kuijenga mashine hii kwa maganda ya vibiriti, na ningependa sana iwe hivyo, kwa sababu inaonesha mambo ambayo simu haiwezi kuonesha. Inaonesha, kwa mfano, kwamba kuanza na shanga chache mno ni hatari: kushindwa mara mbili tatu kwa bahati mbaya kunamaliza rangi nzuri na haitatoka tena daima. Michie aliziweka nyingi katika hali za mwanzo wa mchezo na chache katika za mwisho, kwa kuwa kisanduku cha mwanzo hutumika kila mara na lawama inayokifikia imechanganyika zaidi. Inaonesha pia kwamba mashine hujifunza mpinzani iliyempata. Ukiicheza na mtoto anayesahau kuziba, itajaa shanga za kumshinda mtoto huyo, na itafungwa vibaya na mtu makini.

Bao haliingii katika visanduku. Hali zinazoweza kutokea ubaoni zimekadiriwa kuwa karibu 1 ikifuatwa na sifuri 25. Mashine ya bao inahitaji kukisia thamani ya hali isiyopata kuiona kabla, na kisio hilo hutoka kwenye namba nyingi za ndani, ziitwazo uzito, zinazorekebishwa kidogokidogo. Njia ya kuzirekebisha ambayo Richard Sutton aliieleza mwaka 1988 ni hii. Kabla ya zamu, mashine inakadiria uwezekano wa kushinda kuwa 0.60. Mpinzani anacheza, ubao unabadilika, kadirio jipya ni 0.45. Pengo ni 0.15 kuelekea chini. Mashine haingoji mwisho wa mchezo. Inarudi kwenye kadirio la kwanza na kuliteremsha kwa sehemu ya pengo hilo. Sehemu ikiwa moja ya kumi, 0.60 inakuwa 0.585. Jawabu la kweli, 1 kwa kushinda na 0 kwa kushindwa, linaingia mwishoni tu, kisha katika michezo inayofuata linasogea nyuma zamu moja baada ya nyingine mpaka ile zamu ya 8 iliyovunja nyumba inapata lawama yake. Gerald Tesauro wa IBM aliitumia njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika mchezo wa bakigamoni, mashine ikicheza na nafsi yake, na toleo mojawapo lilifikia kiwango cha karibu na mabingwa baada ya michezo ipatayo milioni 1.5.

La kushangaza zaidi lilikuja mwaka 1997. Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionesha kwamba seli za dopamini, kemikali ya kupelekeana ishara, katika ubongo wa nyani zinafanya hesabu inayofanana na hiyo. Nyani akipewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli zinawaka. Akishajifunza kwamba taa hutangulia maji, seli zinawaka kwa taa, na maji yenyewe yakifika haziongezi kitu. Taa ikiwaka na maji yasije, seli zinanyamaza chini ya kawaida yake wakati uleule maji yalipotarajiwa. Kinachobebwa na ishara ile ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Asiyetarajia chochote hana tofauti ya kupima, na hiyo ndiyo hali ya mchezaji anayesogeza kete ili aone tu itakuwaje.

Ile sehemu ya moja ya kumi nayo ina mtihani wake. Ukiifanya nusu, mashine inayumba: mchezo wa jana unafuta wa juzi. Ukiifanya moja ya elfu kumi, haifiki. Wanadamu tuna ugonjwa huohuo pande zote mbili. Mwanafunzi aliyefungwa mara moja kwa kupandia kichwa cha kushoto anakikimbia kichwa hicho mwezi mzima. Mkongwe aliyeshinda miaka mingi kwa mfunguo mmoja hausikii ushahidi hata ukimjia kila siku. Mashine ina nafuu hapa, maana namba hiyo inaonekana na inaweza kupunguzwa kadiri mafunzo yanavyosonga.

Lakini inasahau vibaya kuliko sisi. Michael McCloskey na Neal Cohen walieleza mwaka 1989 jinsi mtandao wa neva, yaani mashine ya uzito mwingi uliounganishwa, uliofundishwa jambo la kwanza, kisha la pili peke yake, unavyolifuta la kwanza karibu lote, kwa kuwa uzito ni uleule unaobeba yote mawili. Ukiifundisha mashine hatua ya kunamua mpaka ikaiva, halafu ukaipa hatua ya mtaji tu, ile inayofuata kete za mkononi zikishaisha, itarudi kwenye kunamua ikiwa imeharibika. Dawa ni kuhifadhi mifano ya zamani na kuichanganya na mipya.

Kisha kuna suala la wingi. Programu ya AlphaZero ya kampuni ya DeepMind ilijifunza sataranji kwa michezo yake yenyewe milioni 44. Mtu anayecheza bao mara kumi kila siku bila kukosa kwa miaka arobaini atakuwa amecheza mara 146,000. Hata hivyo kwa michezo hiyo michache mtu anakuwa fundi. Sababu kubwa ni kwamba hakuanza na sifuri. Alipofika barazani alijua kuhesabu, alijua nini maana ya kumtega mtu, na alikuta watu wanaoweza kumwambia kosa lake kwa sentensi moja yenye sababu ndani yake. Sentensi hiyo inabeba uzoefu wa maelfu ya michezo ya wengine. Wanaosema vijana wajifunze bao kwa programu ya simu peke yake, programu inayotoa ushindi au kushindwa bila neno, wanawanyang'anya kilicho bora.

Sasa tutoke barazani tuteremke pwani, ambako mambo ni magumu zaidi na yana gharama. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, watu wa mirengo iliyopingana kuhusu ubingwa, waliandika pamoja kwamba hisia za mzoefu zinaaminika panapokuwa na mambo mawili: mazingira yenye utaratibu usiobadilikabadilika, na nafasi ya kutosha ya kuujifunza utaratibu huo kwa majibu ya wazi. Bao lina yote mawili. Karafuu ina sehemu: mwanikaji anayegeuza karafuu kwenye jamvi anajua siku hiyohiyo kama wingu limemkamata, na ukavu anaupima kwa kuivunja karafuu moja kwa vidole, lakini daraja analopewa sokoni ni la gunia zima na halimwambii ni jamvi lipi lililoharibu. Mwani una upungufu kuliko vyote.

Mkulima anafunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwa taitai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba, anazivuta kamba kati ya vigingi, na huvuna baada ya wiki sita hivi. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana. Kati ya kufunga na kuvuna yamepita mambo mengi: joto la maji, mvua iliyopunguza chumvi, upepo, mchanga, samaki wanaokula, umri wa mbegu, nafasi kati ya mbegu na mbegu. Matawi yakigeuka meupe, yakalainika na kukatika, huo ni ugonjwa uitwao aisi-aisi, na huja mwani unapodhoofishwa na joto, chumvi kupungua au mwanga kupungua. Kati ya aina mbili za mwani zinazolimwa, spinosamu huvumilia zaidi. Kotonii, yenye bei kubwa, imeshindwa kustawi sehemu nyingi za Unguja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mavuno yakiwa mabaya, mkulima ana sababu saba za kuchagua na jawabu moja tu mkononi.

Mtego mkubwa ni msimu. Maji huwa ya moto zaidi mwishoni mwa kaskazi, kisha masika yanamwaga maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kusi inaingia na bahari inapoa. Mkulima aliyepata hasara Machi akabadilisha mbegu Aprili, akavuna vizuri Julai, ataamini mbegu mpya ndiyo iliyomwokoa. Jirani yake aliyehamisha kamba kwenye maji ya kina ataamini kina. Mwingine aliyeziachanisha mbegu zaidi kwenye kamba ataapa kwa nafasi. Wote watatu wanasema kweli walichokiona, na yumkini wote waliokolewa na kusi. Miaka kumi ya namna hii inaimarisha imani tatu tofauti katika kijiji kimoja.

Tukileta akili mnemba juu ya hali hii, itafanya kosa lilelile kwa kasi. Joto la juu ya bahari laweza kupatikana kwa setilaiti kila siku, lakini mashine inahitaji pia upande wa pili: kamba ile, iliyofungwa siku ile, kwa mbegu ya umri ule, ilitoa kilo ngapi. Bila upande huo haina cha kujisahihishia. Ukiipa uzito wa jumla uliouzwa na wanunuzi, itajifunza bei na usafiri badala ya kuota kwa mwani. Ukiipa habari za waliobaki katika kilimo tu, haitajua kilichowaangusha walioacha.

Kinachohitajika pwani ni cha bei ndogo. Kamba kumi kwenye shamba moja, tano zikiwa kama kawaida na tano zimebadilishwa jambo moja tu, zimefungwa bamvua moja na kupangwa moja hivi moja vile ili mkondo wa maji usipendelee upande. Mbegu zipimwe mbichi kabla ya kufungwa, zikisha kung'utwa maji, maana maji yaliyonasa huongeza uzito wa uongo. Zipimwe tena siku ya 14, ya 28 na ya 42, zinazoangukia bamvua kila mara. Mbegu ya gramu 100 ikifika gramu 800 siku ya 42, imekua kwa karibu asilimia 5 kila siku. Ikifika 300, ni asilimia 2.6. Kwa kipimo hicho kamba za Machi na za Julai zinaweza kuwekwa pamoja, na athari ya msimu inatenganishwa na athari ya mkono wa mkulima, kwa sababu kamba za kawaida na zilizobadilishwa zilikuwa ndani ya maji yaleyale.

Safu moja ya daftari ijazwe kabla ya kuvuna: mkulima anatarajia kilo ngapi, na kwa nini. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionesha jinsi watu wakishajua matokeo wanavyodhani waliyatarajia tangu mwanzo. Kumbukumbu inalisogeza tarajio letu karibu na kilichotokea, na pengo ambalo lingetufundisha linafutika. Mashine haina udhaifu huu kwa sababu kadirio lake la 0.60 limeandikwa na linabaki 0.60. Kalamu inampa mkulima uwezo huohuo.

Ugumu uliopo ni wa mkono na muda. Wakulima wengi ni wanawake wenye saa chache za maji kutoka, na kupima kamba kumi kunakula sehemu ya saa hizo. Kamba za majaribio zitapunguza mavuno wakati mwingine. Kwa hiyo anayetaka data hizi, iwe serikali, mnunuzi au mtafiti, alipie kamba zile na muda ule, na arudishe majibu kwa mkulima kabla ya bamvua mbili kupita. Ningependa mizani ya kuning'iniza na vipimajoto vya majini vinunuliwe Paje, Jambiani na Micheweni kabla ya mtu yeyote kulipwa kutengeneza programu ya kutabiri mwani.

Na hesabu yake inawezekana. Mizunguko minane kwa mwaka kwa kamba kumi ni vipimo 80 vya siku ya kuvuna kwa mkulima mmoja. Wakulima hamsini, Unguja na Pemba, wanatoa vipimo 4,000 katika mwaka mmoja wa kaskazi na kusi. Hivyo havitoshi kuulisha mtandao mkubwa wa neva, na atakayejaribu atapata mashine iliyokariri mashamba hamsini na isiyojua la hamsini na moja. Vinatosha kwa mlinganyo mdogo wenye joto, mvua, umri wa mbegu na nafasi, ambao afisa wa shehia anaweza kuukokotoa kwenye kompyuta ya kawaida. Mashamba matano yasiingizwe katika kuutengeneza mlinganyo huo. Yaachwe pembeni mpaka mwisho, ndipo utabiri wake upimwe kwayo.